AMPA: panya walilishwa nini hasa, na majibu yale yanasema nini

Mjadala wa glaifoseti, ile dawa ya kuua magugu, ukishapamba moto, lazima atokee mtu na AMPA, kipande kinachobaki dawa hiyo ikivunjika. Mmoja atasema AMPA haina shida yoyote, ilishapimwa kwa panya na hata chumvi ya mezani ina sumu kuliko hiyo. Mwingine atasema hapana, hiyo ndo sumu yenyewe, inabaki kwenye udongo na maji wakati dawa mama ilishapotea zamani. Cha kuchekesha ni kwamba wote wawili wanaweza wakawa wametoa maneno yao kwenye faili lilelile la majaribio ya wanyama, kila mtu kachukua ukurasa unaomfaa. Sasa ngoja tulifungue hilo faili taratibu, maana lina mambo ambayo hawa wawili hawayataji kabisa.

Kwanza kitu chenyewe. Glaifoseti ni dawa ya kuua magugu ambayo John Franz wa kampuni ya Monsanto aligundua uwezo wake mwaka 1970, ikaingia sokoni 1974 kwa jina la Roundup. Inaua mmea kwa kuziba kimeng'enya kimoja ambacho mimea na vijidudu vingi wanakitumia kutengeneza baadhi ya amino asidi, sisi binadamu na wanyama wengine hatuna hicho kimeng'enya. Ikishaanguka kwenye udongo bakteria wanaanza kuikata, na njia kuu ya kuikata inaacha kipande kinachoitwa AMPA, kirefu chake asidi ya aminomethilifosfoniki. Ni molekuli ndogo kuliko mama yake, uzito wake kama 111 ukilinganisha na 169 wa glaifoseti, na tabia yake ni kung'ang'ania, haivunjiki upesi kama mama. Ndo maana wataalamu wa shirika la jiolojia la Marekani, USGS, walipokusanya sampuli zaidi ya 3,700 za maji, udongo wa chini ya maji na mvua kutoka majimbo 38 na kuchapisha majibu mwaka 2014, glaifoseti waliikuta kwenye kama 39% ya sampuli lakini AMPA wakaikuta kwenye 55%.

Shika hilo, tutalihitaji baadae: AMPA inayomfikia mtu kupitia maji imetengenezwa nje ya mwili wake, na vijidudu, kwenye udongo. Inaingia mwilini ikiwa AMPA tayari.

Haya, twende kwa ile hoja ya chumvi. Inatoka kwenye kipimo kinachoitwa LD50, yani dozi inayoua nusu ya wanyama waliopewa, kipimo ambacho Mwingereza J. W. Trevan alikipendekeza 1927 ili kulinganisha nguvu za dawa. Kwa AMPA kwenye panya, namba iliyoandikwa ni miligramu 8,300 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Chumvi inazungukia 3,000. Kwa hiyo aliyesema chumvi inaua kwa dozi ndogo zaidi hajadanganya, ukihamisha hesabu ya panya ilivyo kwa mtu wa kilo 60 unazungumzia karibu nusu kilo ya AMPA safi kwa mkupuo mmoja, na hakuna anayekula hivyo. Ila kipimo hiki kinajibu swali moja tu, akimeza yote leo atakufa? Kuhusu kidogokidogo kwa miaka kumi, kuhusu mimba, kuhusu figo, kimya. Binafsi naona ndo namba inayotajwa sana na inayosaidia kidogo kuliko zote, na hata OECD, ambao miongozo yao ya majaribio ndo inafuatwa na nchi nyingi, waliufuta ule mwongozo wa zamani wa LD50 mwaka 2002 wakabaki na njia zinazotumia wanyama wachache zaidi.

Utamu unaanza kwenye jaribio la siku 90. Mwongozo wa OECD unataka angalau madume 10 na majike 10 kwa kila kundi, dozi tatu zinazopanda, na kundi moja lisilopewa kitu. Kemikali inachanganywa kwenye chakula, panya wanapimwa uzito, chakula wanachokula kinapimwa, damu inachukuliwa, alafu mwisho wa siku 90 wote wanauawa na kila kiungo kinatolewa na kukaguliwa: ini linawekwa kwenye mizani, figo, moyo, ubongo, korodani, kisha vipande vyembamba vya nyama vinapakwa rangi na mtaalamu anakaa na hadubini kuangalia seli moja moja, slaidi mamia kwa mamia. Ni kazi ya kuchosha na hapo ndipo kesi nyingi zinaamuliwa.

Kwa AMPA dozi zilikuwa 0, 400, 1,200 na 4,800, zote ni miligramu kwa kilo kwa siku. Tuseme panya ana gramu 300, yule wa dozi ya juu anakula karibu gramu moja na nusu ya AMPA kila siku, miezi mitatu mfululizo. Kilichoonekana kwenye dozi za 1,200 na 4,800 ni utando wa ndani wa kibofu cha mkojo kuwa mnene, seli zimezaliana kupita kawaida, na tafsiri ya wataalamu ikawa ni muwasho wa njia ya mkojo. Inaingia akilini, maana panya anafyonza kama 20% tu ya AMPA anayokula na hiyo anayofyonza inatoka kwenye mkojo karibu bila kubadilika, kwa hiyo kibofu ndo sehemu inayokaa na hicho kitu muda mrefu. Kwenye 400 hawakuona kitu. Mbwa nao walipewa kwa siku 90, dozi ya juu kabisa ikiwa 263, hawakuonyesha madhara. Panya wenye mimba walipewa mpaka 1,000: hakukuwa na ulemavu kwa watoto, ila kwenye dozi ya juu vichanga vilikuwa na uzito pungufu, na mama zao walianza kuathirika juu ya 150.

Sasa hapa watu wengi wanateleza. Ile 400 inaitwa NOAEL, yani dozi ya juu kabisa ambayo madhara hayakuonekana, na ukiisoma haraka unadhani ni mpaka uliochorwa na maumbile. Siyo. 400 ni dozi iliyochaguliwa na mpangaji wa jaribio, basi. Madhara yanaweza kuwa yanaanzia 450 au 1,100, jaribio halijui kwa sababu katikati ya 400 na 1,200 hakuna panya aliyekaa. Na "hayakuonekana" maana yake hayakuonekana kwa idadi ile ya wanyama: kitu kinachompata mmoja kati ya mia, ukiwa na panya ishirini kwenye kundi, uwezekano mkubwa kinakupita. Ndo sababu dozi zinakuwa kubwa kiasi cha kutisha, wanajaribu kulazimisha madhara yajitokeze kwenye kundi dogo. Mtu anayesema "panya walipewa dozi ambazo hakuna binadamu atakula" anasema kweli lakini anailalamikia njia iliyowekwa makusudi.

Kutoka kwenye panya kwenda kwa mtu wanagawa kwa 100. Hesabu hii iliandikwa na Lehman na Fitzhugh wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani katikati ya miaka ya 1950: kumi kwa sababu mtu anaweza kuwa dhaifu kuliko panya, na kumi nyingine kwa sababu watu hatulingani, kuna mtoto, mgonjwa, mzee. Haijatoka kwenye fomula yoyote ya kina, ni busara tu iliyozoeleka mpaka ikawa kama sheria.

Ukifanya hivyo kwa AMPA, 400 gawa kwa 100 unapata miligramu 4 kwa kilo kwa siku. Lakini hukuti hiyo 4 mahali popote kama kiwango rasmi cha kile mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila kudhurika. JMPR, ule mkutano wa wataalamu wa FAO na WHO wanaotathmini mabaki ya viuatilifu, mwaka 1997 walitoa kiwango kimoja cha pamoja, glaifoseti na AMPA kwa ujumla wake, 0.3. Mwaka 2004 wakakipandisha kuwa 1. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2015 wakaweka 0.5 na kusema AMPA ina sura ya kisumu inayofanana na mama yake kwa hiyo itumie kiwango cha mama. Viwango vyote hivyo vimetokana na majaribio ya glaifoseti.

Na kwa maji ya kunywa, WHO walitumia ile 0.3: zidisha kwa kilo 60 unapata miligramu 18 kwa siku, wakasema maji yaruhusiwe kubeba 10% tu ya hiyo, ni 1.8, gawa kwa lita 2 anazokunywa mtu, unapata miligramu 0.9 kwa lita. Hapo wala hawakuweka kiwango rasmi, walisema kinachokutwa kwenye maji kiko chini sana kuliko hicho. Huku Umoja wa Ulaya una kikomo cha mikrogramu 0.1 kwa lita kwa kiuatilifu chochote na kwa mazao yake ya mvunjiko yaliyoamuliwa kuwa yana umuhimu. Linganisha: mikrogramu 900 na mikrogramu 0.1, tofauti mara 9,000! Siyo kwamba Ulaya wana panya dhaifu. Ile 0.1 haijatoka kwa panya hata kidogo, ni uamuzi wa kisera kwamba maji yasiwe na viuatilifu, wakati 0.9 imetoka kwenye hesabu ya sumu. Kwa hiyo ukisoma habari imeandikwa "imezidi kiwango mara kumi", swali la kwanza ni kiwango kipi.

Turudi kwenye kile nilichosema ushike. Kwa nini majaribio ya mama yatumike kwa zao lake la mvunjiko, kama AMPA? Kuna sababu nzuri kabisa inayokubalika kwenye taaluma hii: kama panya akila kemikali mama, mwili wake ukaigeuza kwa wingi kuwa lile zao, basi ukimpima kwa mama umeshampima na kwa zao, wote wamepita kwenye damu moja. Huhitaji kuua mamia ya wanyama wengine kuthibitisha kitu kilekile, na tangu Russell na Burch waandike 1959 kuhusu kupunguza wanyama wa majaribio, hiyo siyo hoja ya kupuuza.

Mfano safi ni atrazini, dawa nyingine ya magugu ambayo Ulaya waliiondoa 2004 kwa sababu ya kuonekana sana kwenye maji ya ardhini. Mazao yake yenye klorini, hasa lile linaloitwa DACT, panya anayatengeneza kwa wingi mwilini mwake. Kwa hiyo wataalamu wakayaweka kapu moja na atrazini, sumu sawa, JMPR mwaka 2007 wakatoa kiwango cha pamoja cha 0.02. Hakuna ubishi mkubwa hapo. Lakini atrazini ina zao lingine, haidroksiatrazini, ambalo linatengenezwa zaidi kwenye mimea na udongo. Hili likapimwa peke yake, panya wakalishwa miaka miwili. Kilichotokea? Badala ya yale mambo ya homoni yanayojulikana kwa atrazini, hili lilienda kwenye figo, kwa sababu haliyeyuki vizuri na linatengeneza fuwele ndani ya figo. Kiungo tofauti kabisa, njia tofauti kabisa. Likapewa kiwango chake, 0.04, ambacho kwa bahati ni kikubwa kuliko cha mama. Ila angalia: usingeyajua hayo ya figo kwa kumlisha panya atrazini tu.

Sasa AMPA iko upande gani? Panya akila glaifoseti, AMPA inayopatikana ni kama 0.2 mpaka 0.3% tu ya dozi. Panya anayelishwa miligramu 1,000 za glaifoseti kwa kilo, dozi kubwa kweli, anakutana na AMPA isiyozidi miligramu 3. Majaribio ya miaka miwili ya glaifoseti, yale ya kansa, yenye wanyama 50 wa kila jinsia kwa kila kundi, yamempitisha panya kwenye AMPA kiasi hicho tu. Na kwenye faili la AMPA yenyewe ambalo JMPR walilitathmini 1997, hakukuwa na jaribio la miaka miwili, ndefu kuliko zote ni zile siku 90. Kutumia faili la glaifoseti kufunga swali la kansa la AMPA ni kama kumpa mtoto leseni ya udereva ya mama yake kwa sababu wanafanana sura.

Wanaotetea kuipa AMPA kiwango cha mama wana majibu, na majibu yao siyo ya kubabaisha. Moja, AMPA yenyewe kwenye siku 90 imeonekana laini, ukitumia namba zake unapata 4, na wao wamempa 0.3 au 0.5 au 1, kwa hiyo kuna nafasi ya ziada mara nne mpaka mara kumi na zaidi. Mbili, inafyonzwa kidogo na inatoka upesi bila kubadilishwa. Tatu, vipimo vya kuangalia kama inaharibu vinasaba, kama kile cha bakteria cha Ames, vilitoka safi kwenye faili la kampuni. Ukiunganisha matatu hayo, hofu ya kansa inashuka. Mimi naona hoja ya kwanza ndo nzito, ya pili ya kawaida, ya tatu ndo yenye ugomvi.

Maana mwaka 2015, mwaka uleule, shirika la utafiti wa kansa la WHO, IARC, liliiweka glaifoseti kundi la 2A, yani huenda inasababisha kansa kwa binadamu, na EFSA wakasema haielekei kusababisha. Kwenye AMPA, IARC waliangalia pia tafiti za vyuo vikuu zilizochapishwa, mfano moja ya Argentina ya 2009 ambapo panya wadogo walichomwa AMPA tumboni na dalili za kuharibika kromosomu zikaongezeka. Wanaopinga utafiti huo wanauliza, kuchoma sindano tumboni kunafanana vipi na kunywa maji? Ukichoma unaruka ule ukuta wa utumbo unaozuia 80%. Upande wa pili wanajibu kwamba swali la kipimo hicho ni kama kemikali inaweza kugusa DNA, njia iliyoingilia ni swali la baadae. Kila upande uko sahihi kwa swali lake, moja ni la uwezo wa kudhuru na lingine ni la uwezekano wa kudhurika kwenye maisha ya kawaida, na magazeti huwa yanayachanganya yote kwenye kichwa kimoja cha habari.

Kuna na hili la nani anafanya majaribio. Analipa mwenye kemikali, ndivyo sheria zilivyo karibu kila mahali, na kishawishi cha kudanganya kimeshawahi kuzaa matunda machungu: maabara ya Industrial Bio-Test ya Marekani ilikutwa mwaka 1976 imepika data kwa miaka, tafiti za bidhaa nyingi zikabidi zirudiwe zikiwemo za glaifoseti, na mwaka 1983 viongozi wake watatu wa zamani wakatiwa hatiani. Kutoka kwenye aibu ile ndo ikaja mifumo ya kukagua maabara, kila daftari, kila panya aliyekufa awe na maelezo. Mfumo huo unazuia kughushi, hauzuii kuuliza swali jembamba. Na hadi karibuni data zenyewe zilikuwa zinafungiwa kama siri za biashara, mwaka 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua tafiti za glaifoseti zisifichwe, na tangu Machi 2021 sheria mpya ya huko inataka tafiti zinazoletwa kwa EFSA ziwekwe wazi.

Mpaka hapa nimeongelea panya kwa ajili ya watu. Wanyama wanaoogelea ndani ya AMPA maisha yao yote hawajapata umakini huo. Watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka 2020 jaribio la mayai ya chura wa jamii ya Bufo spinosus, wakayaweka kwenye viwango vya AMPA vilevile vinavyopatikana kwenye mito na madimbwi, mikrogramu chache au chini ya moja kwa lita. Viinitete vilikufa zaidi, vilivyobaki vikachukua muda mrefu zaidi kukua, na madhara hayakupanda sambamba na dozi, kiwango cha chini kilionekana kuwa kibaya kuliko cha juu. Hilo linavuruga kabisa mantiki ya NOAEL, ambayo imejengwa kwenye imani kwamba dozi ikipanda madhara yanapanda, na ukishuka vya kutosha unafika salama. Utafiti mmoja hauamui kitu, ila ni aina ya jibu ambalo jaribio la 400, 1,200 na 4,800 lisingeweza kulitoa hata lirudiwe mara mia.

Na kabla hujamnyooshea mkulima kidole kwa kila AMPA inayokutwa mtoni, ujue haitoki kwenye dawa ya magugu peke yake. Fosfoneti zinazowekwa kwenye sabuni za kufulia na kwenye maji ya mitambo ya kupoozea viwandani, ili chokaa isigande, nazo zikivunjika zinaacha AMPA ileile, atomi kwa atomi, na kwenye mito inayopokea maji taka ya miji huo ni mchango mkubwa. Kipimo cha kawaida cha maabara hakiwezi kutofautisha ya shambani na ya kufulia. Ukitaka kujua inabidi uangalie kama glaifoseti inapanda nayo baada ya mvua za msimu wa kupulizia, au kama AMPA inatoka mwaka mzima bila kujali msimu, chini ya bomba la mtambo wa maji taka.